Kitenzi cha kuapa kinapokukwamisha: dalili za ὄμνυμι na dawa zake

"Shikamoo mwalimu, samahani kwa usiku huu. Nimetafuta ὀμώμοχ' tangu jioni, kamusi zote mbili hazina. Au mchapaji amekosea?"

Marahaba. Mchapaji hajakosea, na kamusi zako ni nzima. Ulichokishika ni umbo halali kabisa la ὄμνυμι (tamka "omnumi"), kitenzi ambacho Wagiriki wa kale walikitumia kwa kuapa, tangu mashairi ya Homer hadi Agano Jipya. Ninafundisha Kigiriki kwa vijana wa vyuo vya Biblia na kwa watu wazima wachache wanaojisomea nyumbani, na kila muhula maswali juu ya kitenzi hiki hunijia karibu yaleyale. Nimeyakusanya hapa kama yanavyokuja: mtu anaona nini, kimesababishwa na nini, afanye nini.

Kwanza nikupe moyo. Msemaji wa Kiswahili anaingia kwenye kitenzi hiki akiwa na mtaji mkononi. Hakuna kati yetu anayefungua kamusi kutafuta "hawajaapishwa". Tunamenya: ha-, wa-, -ja-, tunafika kwenye -ap-, kisha -ish-, -w-, -a. Tunabaki na -ap- na kwenda moja kwa moja kwenye "apa". Kazi ni hiyohiyo hapa. Mzizi ni ὀμ-, ambao mara nyingi hujitokeza kama ὀμο-. Vingine vyote ni nguo. Zamani nilikuwa nawapa wanafunzi orodha ya maumbo wayakariri kabla ya kusoma chochote, na wengi waliyasahau kabla mwezi haujaisha. Siku hizi naanza na kumenya, orodha inafuata.

Kamusi haina umbo ninaloliona

Karibu kila mara chanzo ni kwamba unatafuta nguo badala ya mwili. Silabi -νυ- iliyomo katika ὄμνυμι si sehemu ya mzizi. Ni kiambishi cha wakati uliopo, pamoja na ule wakati uliopita wa kuendelea unaojengwa juu yake (ὤμνυν, "nilikuwa naapa"). Ukitoka hapo, -νυ- inavuliwa. Andika haya kwenye jalada la daftari:

ὄμνυμι – naapa
ὀμοῦμαι – nitaapa
ὤμοσα – niliapa
ὀμώμοκα – nimeapa
ὀμώμομαι au ὀμώμοσμαι – kauli ya kutendwa ya hilo la juu
ὠμόθην au ὠμόσθην – kauli ya kutendwa ya wakati uliopita

Umbo la tatu, ὤμοσα, ndilo aoristo, na ndilo utakalokutana nalo mara nyingi zaidi. Ο ya mwanzo imerefushwa kuwa ω kuonyesha wakati uliopita, kisha -σα mwishoni. Menya vyote viwili, umebaki na ὀμο-. Katika Agano Jipya kitenzi hiki kinatokea mara 26, na mara zote ni wakati uliopo au aoristo. Kwa hiyo kama unasoma Agano Jipya tu, zaidi ya nusu ya orodha hiyo hutaihitaji. Ukihamia kwa Homer, jiandae kuona ο haikurefushwa na σ imeongezwa: ὄμοσε, ὄμοσσα. Mshairi alikuwa huru kuacha kiambishi cha wakati uliopita au kukiweka, na σ mbili zilimsaidia kutimiza mizani. Maana haibadiliki hata kidogo.

Umbo la pili, ὀμοῦμαι, linasumbua kwa mambo mawili. Umezoea kuona σ katika wakati ujao, na hapa haipo. Ilidondoka kati ya irabu mbili, irabu zikaungana, ndiyo maana unaona ου na ile alama ya wimbi juu yake. Nafsi ya tatu ni ὀμεῖται. Jambo la pili, umbo lina viambishi vya kauli ya kati (iliyo kati ya kutenda na kutendwa) ingawa maana ni ya kutenda tu. Usijaribu kutafsiri "nitajiapia" au "nitaapwa". Ni "nitaapa", basi. Kigiriki kina vitenzi vingi vinavyofanya hivyo katika wakati ujao peke yake.

Sasa ὀμώμοκα, ambayo ndiyo iliyokuweka macho usiku. Perfekti ya Kigiriki, yaani umbo la "nimeapa", hufanya uradidi, yaani hurudia mwanzo wa neno. Vitenzi vya kawaida hurudia konsonanti moja. Hiki kinaanza kwa irabu, kwa hiyo kinarudia irabu na konsonanti kwa pamoja: ὀμ-, kisha ὀμο- yenyewe huku irabu yake ya kwanza ikirefushwa, kisha -κα. Ὀμ-ώμο-κα. Wenzake wanaofanya hivi si wengi: ἀκήκοα, "nimesikia", na ἐλήλυθα, "nimekuja", ndio utakaokutana nao mapema. Ukiona neno linaloonekana kama linagugumia mwanzoni, shuku uradidi wa aina hii.

Lakini wewe uliona χ, si κ. Mstari uliokuwa unausoma umo katika Hippolytus, tamthilia ya Euripides iliyochezwa Athens mwaka 428 KK:

ἡ γλῶσσ' ὀμώμοχ', ἡ δὲ φρὴν ἀνώμοτος.

"Ulimi umeapa, moyo haukuapa." Umbo kamili ni ὀμώμοκε. Ε ya mwisho imedondoshwa kwa sababu neno linalofuata linaanza kwa irabu. Alama ile ya ' inakuonyesha pengo lake. Neno linalofuata ni ἡ, lenye pumzi nzito, yaani lina sauti ya h mwanzoni. Κ ilipokutana na h hiyo ikawa χ. Usishangae, sisi tunafanya hivyo kila siku: ki- ikikutana na -angu haibaki "kiangu", inakuwa changu. Jirani amebadilisha sauti.

Uthibitisho mzuri uko kwa Aristophanes, mtunzi wa vichekesho. Mwaka 405 KK, katika Vyura, aliuchukua mstari huohuo wa Euripides na kuubadilisha mkia, mungu Dionysus anaposema atamchagua Aeschylus, mtunzi mwingine wa tamthilia, badala ya Euripides: ἡ γλῶττ' ὀμώμοκ', Αἰσχύλον δ' αἱρήσομαι. Tazama, safari hii κ imebaki κ. Kwa nini? Αἰσχύλον lina pumzi laini, halina h, kwa hiyo hakuna cha kuigeuza. Weka mistari hiyo miwili juu na chini kwenye karatasi moja uisome kwa sauti. Hilo tu litakufundisha kuliko kurasa tatu za sarufi.

Neno moja juu ya maana ya perfekti, kwa sababu hapa wanaotumia vitabu vya Kiingereza hupotea na sisi hatuna sababu ya kupotea. Ὤμοσεν ni "aliapa": tendo limetokea. Ὀμώμοκεν ni "ameapa": kiapo kingali shingoni mwake. Tofauti ya -li- na -me- tunayo tayari. Socrates, mwanafalsafa aliyeshtakiwa Athens mwaka 399 KK, anawakumbusha waamuzi kwamba mwamuzi ὀμώμοκεν, ameapa kuhukumu kwa kufuata sheria, wala si kuwapendelea anaowataka. Hasemi "aliapa siku ile". Anasema wamo ndani ya kiapo hivi sasa wanavyomsikiliza. Ukitafsiri kwa -li- umeua hoja yake.

Perfekti ya kutendwa ni adimu, ila ukifika kwa Aeschylus utaipata kinywani mwa nabii Cassandra: ὀμώμοται γὰρ ὅρκος ἐκ θεῶν μέγας. "Kwa maana kiapo kikuu kimekwisha kuliwa na miungu." Kwetu kiapo huliwa, kwa hiyo sentensi inaingia bila kulazimishwa.

Nilitafuta kuapa, nikapata "pamoja", "mbichi" au "bega"

Hili ni kosa la jicho, na dawa yake ni alama ndogo iliyo juu ya herufi ya kwanza. Kuapa ni ὀ-, pumzi laini. Ukoo wa "pamoja" na "sawa" ni ὁ-, pumzi nzito: ὁμοῦ (pamoja), ὅμοιος (wa kufanana), ὁμολογέω (kukiri, kuahidi). Kwenye skrini ya simu alama hizo ni kama vumbi. Kuza maandishi.

Katika Matendo 7:17 Stefano anazungumzia ahadi Mungu aliyompa Abrahamu. Maandishi yaliyochapwa karne za nyuma yana ὤμοσεν, "aliapa". Matoleo ya kitaaluma ya leo, yanayofuata nakala nyingine za kale, yana ὡμολόγησεν, "aliahidi". Ukiwa na tafsiri mbili mezani na moja inasema aliapa, nyingine inasema aliahidi, hakuna mtafsiri aliyelala kazini. Wamesoma neno tofauti. Angalia pumzi: laini, nzito.

Pumzi laini pekee haitoshi, kwa sababu ὠμός ni "mbichi" (na pia "katili"), na ὦμος ni "bega". Mathayo 23 inafaa kwa zoezi. Katika mstari wa 4 mafarisayo wanaweka mizigo mizito ἐπὶ τοὺς ὤμους, juu ya mabega ya watu. Kisha mistari ya 16 hadi 22 kitenzi cha kuapa kinatokea mara kumi. Mwanafunzi aliyekwisha kuona ὤμους hapo juu hujikuta anatafsiri mabega hadi mwisho wa sura. Kanuni ya mkononi: ukiona σ baada ya ὠμο- au ὀμο- na kiambishi cha kitenzi nyuma yake, ni kiapo.

Kuna ω nyingine ya kuchunga. Katika ἀνώμοτος, neno la mwisho la mstari wa Euripides, ω si alama ya wakati uliopita. Maneno yanapounganishwa, irabu ya mwanzo ya neno la pili hurefuka: ἀν- ("bila") na ὀμο- huwa ἀνωμο-, "asiyeapa". Ndivyo ilivyo katika συνωμοσία, kuapa pamoja kwa siri, njama. Zaidi ya watu arobaini waliokula njama kumuua Paulo katika Matendo 23:13 walifanya συνωμοσία. Halafu kuna ὁρκωμοσία katika Waebrania 7, ambalo limebeba mizizi miwili: ὅρκος, "kiapo", na ὀμο-, "kuapa". Kwetu kiapo na kuapa ni ndugu wa tumbo moja. Kwa Kigiriki jina na kitenzi havina undugu wowote, kwa hiyo ukitafuta kitenzi chini ya ὁρκ- utapata kitu kingine, nacho nitakifikia sasa hivi.

Tafsiri yangu inasema ninamwapisha Apollo

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu kosa hili haliletwi na Kigiriki. Linaletwa na Kiswahili chetu.

Kiapo cha Hippocrates, kile cha waganga, kinaanza hivi: Ὄμνυμι Ἀπόλλωνα ἰητρὸν καὶ Ἀσκληπιὸν, kikiendelea na Hygieia, Panacea na miungu yote. Majina yote yako katika akuzativu, uhusika wa yambwa. Mwanafunzi anayejua kazi yake anaona yambwa, anaweka kiwakilishi cha yambwa: "ninamwapa Apollo". Anasikia haikai. Anajaribu "ninamwapia Apollo", halafu "ninamwapisha Apollo". Zote tatu si sahihi, na mbili za mwisho zina sarufi safi kabisa, ndiyo maana haoni kosa.

Ὄμνυμι huchukua mungu anayeitwa kuwa shahidi katika akuzativu bila kihusishi chochote. Sisi lazima tuweke "kwa". Naapa kwa Apollo tabibu, na Asclepius. Chora mgawanyo huu akilini, nao ni mgawanyo wa Kiswahili kuliko wa Kigiriki:

Unayemwita shahidi: Kigiriki akuzativu, Kiswahili "kwa".
Unayempa kiapo chako: Kigiriki dativu (uhusika wa anayepewa), Kiswahili kauli ya kutendea. Herode katika Marko 6:23, ὤμοσεν αὐτῇ, "akamwapia" yule binti. Wakati mwingine ni πρός, kama Luka 1:73, kiapo alichomwapia Abrahamu.
Unayemfanya aape: kitenzi kingine kabisa, ὁρκίζω, Kiswahili kauli ya kutendesha. Marko 5:7, ὁρκίζω σε τὸν θεόν, "nakuapisha kwa Mungu". Tazama akuzativu mbili: σε ndiye anayeapishwa, τὸν θεόν ni shahidi. Kayafa, katika Mathayo 26:63, anatumia ἐξορκίζω.
Kiapo chenyewe: akuzativu pia, ὅρκον ὀμνύναι, "kula kiapo".

Kwa hiyo ukikuta akuzativu karibu na ὄμνυμι, jiulize: ni mungu, au ni neno "kiapo"? Mara nyingi jibu liko wazi mara tu unapouliza.

Wakati mwingine Kigiriki huweka vihusishi, na kila kimoja kina mtego wake. Κατά pamoja na jenitivu (uhusika wa umilikaji) ndiyo Waebrania 6:13 inaitumia: Mungu, kwa kuwa hakuwa na mkubwa zaidi wa kuapa kwake, ὤμοσεν καθ' ἑαυτοῦ. Nimewahi kusoma daftari lililoandikwa "Mungu aliapa dhidi ya nafsi yake". Kijana alikuwa amejifunza vizuri kwamba κατά na jenitivu ni "dhidi ya". Sivyo baada ya kitenzi cha kuapa. Hapa ni "kwa": aliapa kwa nafsi yake. Ni usemi wa zamani; Waathene waliapa καθ' ἱερῶν, juu ya wanyama wa sadaka.

Ἐν pamoja na dativu ndiyo ya Mathayo 5: ἐν τῷ οὐρανῷ. Ukitafsiri "mbinguni" umewafanya wasikilizaji wa Yesu waape wakiwa mbinguni. Ni "kwa mbingu", namna ya Kiebrania iliyovaa Kigiriki. Yakobo 5:12 inatoa katazo hilohilo lakini kwa akuzativu tupu, μήτε τὸν οὐρανὸν μήτε τὴν γῆν, kama Mgiriki wa zamani angesema. Mafundisho yaleyale, sarufi mbili.

Sasa angalia Waebrania 3:11: ὤμοσα ἐν τῇ ὀργῇ μου. Mtu akishajifunza kwamba ἐν baada ya ὄμνυμι ni "kwa", atasema Mungu ameapa kwa hasira yake, na Kiswahili kitamkubalia, kwa sababu "kwa hasira" kwetu ni namna ya kufanya jambo pia. Bahati hiyo ni ya hatari. Hasira si shahidi hapo. Mungu aliapa akiwa amekasirika. Ukihubiri mstari huu, sema "katika hasira yangu", msikilizaji asipate nafasi ya kukosea.

Sentensi ina akuzativu lakini haina kitenzi

Μὰ Δία. Νὴ τὸν Δία. Utaziona kila ukurasa kwa Aristophanes na Plato. Kitenzi kimeachwa, kama sisi tusemavyo "wallahi" au "haki ya Mungu" bila kutaja "naapa". Νή inathibitisha, μά kwa kawaida inakana, isipokuwa ikitanguliwa na ναί. Achilles anaapa ναὶ μὰ τόδε σκῆπτρον, "naam, kwa fimbo hii", ile ambayo haitachipua majani tena. Na Socrates hupenda kusema νὴ τὸν κύνα, "kwa mbwa". Usitafute maana iliyofichika. Ni kiapo tu.

Nimepata ὀμνύναι hapa na ὀμνύειν pale

Petro anamkana Yesu kwa mara ya tatu, anaanza kujiapiza na kuapa. Katika matoleo ya kitaaluma ya leo Marko 14:71 ina ὀμνύναι, Mathayo 26:74 ina ὀμνύειν. Tukio moja, maana moja. Kitenzi kina mavazi mawili ya wakati uliopo: la kale la ὄμνυμι, na jipya la ὀμνύω lililofuata vitenzi vya kawaida vya -ω. Waathene wenyewe walikuwa wanayachanganya. Usimlaumu Marko wala Mathayo, na katika mtihani usiandike kwamba ni vitenzi viwili.

Umbo jingine linalochanganya ni ὀμόσαι. Linaweza kuwa "kuapa" (aoristo) au "laiti angeapa", hali ya kutakia, nafsi ya tatu. Mkazo hausaidii, kwa sababu ο ya katikati ni fupi na alama inakuwa ileile. Muktadha ndio utakaoamua, na mara nyingi ni "kuapa". Μὴ ὀμόσαι ὅλως, Mathayo 5:34: msiape kabisa.

Kiambishi kimepotea, au kimekimbia mbali

Katika wimbo wa pili wa Odyssey, mlezi mzee Eurycleia anamwapia Telemachus kwamba hatamwambia mama wa kijana, Penelope, habari za safari yake mpaka ifike siku ya kumi na moja au ya kumi na mbili. Neno ni ἀπώμνυ. Wanafunzi hulitafuta chini ya ἀπω-. Ω ni ya wakati uliopita, na imeingia katikati, baada ya ἀπ-, kama -li- inavyokaa ndani ya "aliapa" wala si mwanzoni kabisa. Irudishe kuwa ο, upate ἀπόμνυμι, kuapa kwamba hutafanya au hukufanya.

Kwa Homer kiambishi kinaweza hata kutengana na kitenzi chake. Achilles anasema ἐπὶ μέγαν ὅρκον ὀμοῦμαι. Hiyo ἐπί haina uhusiano na "kiapo kikubwa". Ni ya ὀμοῦμαι, pamoja ni ἐπόμνυμι. Ukiitafsiri "juu ya kiapo kikubwa" sentensi inakataa kusimama, na hiyo ndiyo dalili yako.

Sijui kama anaapa kuhusu jana au kesho

Baada ya ὄμνυμι jambo linaloapwa huja kama kitenzi-jina, kisicho na nafsi. Kiswahili kinataka nafsi na wakati, kwa hiyo usiandike "kuapa kufanya" na kupita. Angalia kitenzi-jina kiko katika wakati gani.

Kikiwa cha wakati ujao, ni ahadi. Hippocrates: ἐπιτελέα ποιήσειν, "kwamba nitayatimiza". Kikiwa cha aoristo, kwa kawaida ni madai juu ya lililokwisha kutokea, na hapo sipendi mtu aharakishe, kwa sababu kuna tukio katika wimbo wa 23 wa Iliad ambalo lote limesimama juu ya jambo hili. Mbio za magari ya farasi kwenye mazishi ya Patroclus zimekwisha. Menelaus amepitwa na kijana Antilochus mahali pembamba, na anaamini kachezewa. Anamwambia asimame mbele ya farasi na gari, ashike ule mjeledi mwembamba aliouendeshea, awaguse farasi kwa mkono, na kwa Poseidon mtikisa ardhi, ὄμνυθι, apa, μὴ μὲν ἑκὼν τὸ ἐμὸν δόλῳ ἅρμα πεδῆσαι. Πεδῆσαι ni aoristo. "Kwamba hukulizuia gari langu kwa hila, kwa kusudi." Mwanafunzi akiandika "apa kwamba hutalizuia", Menelaus anakuwa anaomba ahadi kwa mbio nyingine. Anachomtaka aseme ni kweli ya dakika chache zilizopita, akiwa amewagusa farasi walewale. Antilochus hali kiapo. Anamtoa yule farasi jike aliyempata kama zawadi ya mbio.

Ona pia μή, si οὐ. Kiapo hubeba apizo ndani yake hata lisipotajwa, na μή ndiyo kanusho lake la kawaida. Si chuma, lakini: Socrates, katika sentensi niliyoitaja juu ya waamuzi, anatumia οὐ χαριεῖσθαι, akikanusha neno moja ili aliweke jingine mahali pake kwa ἀλλά. Na Xenophon, akisimulia mapatano ya mwaka 401 KK kati ya Wagiriki na Tissaphernes, gavana wa Waajemi, anaandika ὀμόσαι ἦ μὴν πορεύεσθαι, ahadi ya safari kwa kitenzi-jina cha wakati uliopo. Ἦ μήν ni mhuri wa kiapo, "hakika". Ukiiona, hata kama ὄμνυμι iko mbali, jua kuna mtu anaapa.

Kiapo kimekatika katikati

Rudi Waebrania 3:11, nukuu ya Zaburi ya 95. Baada ya "niliapa katika hasira yangu" kunafuata εἰ εἰσελεύσονται εἰς τὴν κατάπαυσίν μου. Neno kwa neno: "kama wataingia katika pumziko langu". Halafu nukta. Kama wataingia, nini? Tafsiri ya Kiswahili uliyonayo inasema hawataingia, na mwanafunzi anadhani watafsiri wamebadilisha.

Hawakubadilisha. Fikiria mtu anayeshukiwa wizi mtaani kwenu: "Mungu aniue kama nimechukua!" Kila anayesikia anaelewa anasema hakuchukua. Sasa ondoa "Mungu aniue", ubaki na "kama nimechukua" peke yake. Ndivyo Kiebrania kilivyoapa: apizo linamezwa, "kama" inabaki, na maana ni kanusho. Waliotafsiri Zaburi kwa Kigiriki waliipokea "kama" hiyo ilivyo, na Mgiriki asiyejua Kiebrania angeduwaa kama wewe. Marko 8:12 ina εἰ ya namna hiyohiyo, kizazi kile hakitapewa ishara, na huko hata kitenzi cha kuapa hakipo.

Ukikwama kwenye mstari wa 11, usianze na kamusi. Soma mistari saba mbele. Katika 3:18 mwandishi wa Waebrania anauliza ni akina nani aliowaapia μὴ εἰσελεύσεσθαι: dativu kwa walioapiwa, μή ya kiapo, kitenzi-jina cha wakati ujao. Ameigeuza ile "kama" ya Kiebrania kuwa Kigiriki safi kwa mkono wake mwenyewe.